CD za dhahabu na matoleo ya bei mbaya: tunanunua sauti au tunanunua boksi?

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Naleta hoja ambayo najua itawakera wenye makabati yaliyojaa. CD za kifahari za album za zamani za pop (zile zilizopakwa dhahabu badala ya alumini ya kawaida, zile za Japani zenye utepe wa karatasi ubavuni, na SACD, yaani diski zinazobeba data nyingi kuliko CD, zenye namba ya toleo) zimegeuka biashara ya kuuziana vifungashio. Kinachosikika kwenye spika ni kazi ya fundi aliyeandaa masta, yaani rekodi ya mwisho ambayo CD zote hunakiliwa kutoka kwake. Huyo namlipa bila kinyongo. Hayo mengine hapana.

CD ni ileile tangu ilipoingia sokoni Japani Oktoba 1982: sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16. Mwishoni mwa miaka ya 2000 JVC na Universal ya Japani wakaleta SHM-CD, ambayo plastiki yake wanasema inapitisha mwanga vizuri zaidi. Sawa, na ipitishe. Deki isiyo na hitilafu husahihisha yenyewe makosa ya kusoma kabla namba hazijawa sauti. Chukua SHM-CD na CD ya kawaida zilizotoka kwenye masta moja, zinakili kwenye kompyuta, panga mwanzo wa mafaili uwe sawa, kisha linganisha. Namba ni zilezile. Sasa huo utamu wa ziada tunaosimuliwa umeingilia wapi?

Zipo CD ambazo kweli zinatofautiana, na hapo sababu unaiona kwa macho. Fungua wimbo mmoja kwenye Audacity, programu ya kompyuta inayochora mawimbi ya sauti, juu toleo la miaka ya 80, chini toleo "lililosafishwa upya" la miaka ya 2000. La juu lina vilele na mabonde. Kila ngoma inapopigwa unauona mstari umechomoza peke yake. La chini mara nyingi limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, vilele vimekatwa vichwa. Ni matokeo ya kampuni kushindana nani CD yake italia kwa nguvu zaidi. Na kwa dakika ya kwanza hila hiyo inafanya kazi, maana sikio hupenda chenye kelele. Punguza sauti ya toleo jipya hadi zilingane, ndipo utajua umeuziwa nini.

Steve Hoffman, fundi aliyeandaa CD za dhahabu za kampuni ya DCC miaka ya 90, alijipatia wafuasi kwa kuviacha vilele vikae. Masta ileile ingewekwa kwenye alumini ingelia vilevile. Kwa hiyo nasema: ukiwa na CD ya kawaida ya toleo la kwanza, uliyoiokota kwa bei ya chai, la bei mbaya la nini? Nipingeni. Nawasilisha.

Mzee wa Santuri

Mkuu, dhahabu unaionea. Mimi sijawahi kudai inaongeza besi. Ila alumini huoza. CD nyingi zilizotoka kiwanda cha PDO pale Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993 zimegeuka rangi ya shaba, zinaanzia ukingoni kuja ndani. Nyimbo za mwisho ndizo zinaanza kukwaruza, kwa kuwa CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, halafu siku moja deki inaikataa kabisa. Dhahabu haishiki kutu. Anayenunua ili mwanawe naye aje asikilize ana sababu ya maana.

Na hilo la toleo la kwanza usilikuze. Miaka ile kampuni nyingi zilichukua kanda yoyote iliyokuwa karibu, mara nyingine nakala iliyokwisha kurekebishwa kwa ajili ya kukata santuri. CD nyingine, hasa za Japani, ziliongezewa makali ya sauti nyembamba za juu (treble) kwa makusudi, ikitarajiwa deki itayapunguza. Abbey Road ya Beatles, iliyotolewa na Toshiba-EMI ya Japani 1983, ni mojawapo. Ukiinakili kwenye kompyuta bila kulirekebisha hilo, matoazi yatakutoboa masikio, halafu uje hapa kulaumu mafundi wa zamani.

Fundi Redio

Nyie na SACD zenu mna masikio ya popo? Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio lao kwenye jarida la Audio Engineering Society. Watu walisikilizishwa SACD kama ilivyo, kisha ileile ikipitishwa kwanza kwenye kipimo cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Majibu yakawa kama kurusha shilingi. Hata hivyo waandishi wenyewe walikiri kwamba SACD nyingi zinasikika vizuri, kwa kuwa zimeandaliwa kwa uangalifu zaidi. Hapo nasimama na mleta mada.

Binti wa Tanga

Naona mnalizunguka sakata la Mobile Fidelity. Julai 2022 ilibainika kwamba santuri nyingi za kampuni hiyo ya Marekani, ambazo wateja waliamini ni analogi tupu (kutoka kanda moja kwa moja, bila kugeuzwa namba), zilikuwa zimepitia hatua ya dijitali iitwayo DSD, baadhi tangu 2011. Wakati huo walikuwa wanaandaa Thriller ya Michael Jackson, nakala 40,000, dola 100 kila moja. Watu wakaenda mahakamani, mwisho ikafikiwa suluhu ya dola milioni 25.

Kinachonichekesha ni kwamba kwa miaka yote hiyo wajuzi wa masikio walizisifia santuri hizo na hawakushtuka. Na DSD ndiyo mfumo wa SACD yenyewe, kwa hiyo aliyenunua SACD za kampuni hiyohiyo alipata alichoahidiwa, kwa bei ndogo zaidi. Mleta mada, wewe unapigana na wanunuzi. Mimi nataka wauzaji wabanwe waandike chanzo kwenye boksi: kanda ipi, nakala ya ngapi, fundi nani, mwaka gani.

Mleta mada

Binti wa Tanga, hapo umegusa penyewe. Baada ya sakata lile Mobile Fidelity walianza kueleza chanzo cha matoleo yao. Matoleo mengi ya kampuni kubwa bado yanaishia kwenye kibandiko cha "imesafishwa upya", bila jina wala kanda, nasi tunalipa. Bila jina la fundi mimi sitoi hela, iwe dhahabu au plastiki ya Japani.

Mzee wangu, kuhusu kutu: CD ikiwa bado nzima inakili, weka nakala mbili kwenye diski mbili tofauti za kompyuta. Ni rahisi kuliko dhahabu.

Mzee wa Santuri

Diski nazo hufa, kijana, tena hazigeuki rangi kwanza kukuonya. Haya, tupia picha ya hayo mawimbi yako mawili tuyaone, na utaje namba ya toleo la kila moja. Bila namba hatujui unalinganisha nini na nini.