Mjadala: Je, kijana apewe riwaya ambayo mhusika wake mchanga anaangamia?

Ndugu zangu, hoja iliyo mbele yetu imetokana na ombi la mzazi anayetaka kupendekezewa riwaya kuhusu vijana wanaokua bila kuijua dunia, ampe binti yake aliye sekondari. Wengi waliotangulia wameshauri apewe Siku Njema ya Ken Walibora na aepushwe kabisa na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kwa madai kwamba kitabu ambacho msichana wake anaishia kujiua hakina la kumfunza mtoto isipokuwa maovu. Mimi naupinga ushauri huo.

Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, ni riwaya nzuri, na safari ya mhusika wake mkuu, Kongowea, kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babaye imewagusa wasomaji wengi. Hata hivyo, Kongowea ndiye anayetusimulia, hivyo tangu mwanzo tunajua kwamba alisalimika. Tena, mengi ya masaibu yake yanatokana na ukatili wa watu wengine, kiasi kwamba msomaji humwonea huruma pasipo kujiuliza kama yeye mwenyewe angeteleza.

Kwa Rosa, swali hilo halikwepeki. Zakaria anagundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana, naye anampiga vibaya. Hakuna anayeketi na msichana huyo kumweleza barua ile ina maana gani, wala ajibu nini akiandikiwa nyingine. Rosa anatoka Ukerewe kwenda kusoma akiwa amebeba woga mtupu wa wanaume, na woga huo unapomtoka, hana kitu kingine cha kumwongoza. Waliokiona kitabu hiki kuwa cha kupotosha, hata kikazuiwa shuleni Tanzania kwa muda baada ya kutoka mwaka 1971, walihesabu aliyoyatenda Rosa wakayapita yale aliyotendewa nyumbani. Kezilahabi hakuyapita: hata baada ya kifo anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, na lawama haimwelekei binti peke yake.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inalisema jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani huku kaka yake Mussa akisoma na kutembea apendavyo, na msichana anapotoroka hatimaye, anaangukia mikononi mwa watu wa kwanza wanaomfungulia mlango. Ni nani aliyemfanya asijue kumtambua anayemtakia mabaya? Naamini swali hilo linamhusu mzazi kuliko linavyomhusu mtoto, na pengine ndiyo sababu baadhi yetu hatupendi vitabu hivi viingie nyumbani.

Ningeongeza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, kwa kuwa sijasoma riwaya inayouonesha uchanga wa mtoto kwa upole kama huo. Mvulana Yusuf anampenda Ami Aziz, ambaye kila akija kuwatembelea humwachia sarafu. Siku anapoondoka naye kwa treni hajui kwamba babaye amemweka rehani kwa ajili ya deni. Ni Khalil, kijana wa dukani aliyewekwa rehani kabla yake, anayemwambia kwamba mfanyabiashara yule si ami yake. Hakuna kosa alilotenda Yusuf. Watu wazima wote waliomzunguka walijua, wakanyamaza.

Nakubaliana na wenzangu kuhusu umri. Rosa Mistika ina mambo ya ngono na kutoa mimba ambayo simpi mtoto wa miaka 13 ayasome peke yake. Basi mzazi huyu na aanze na Siku Njema sasa hivi, kisha binti akifika kidato cha tatu ampe Utengano na Rosa Mistika, akiwa amezisoma yeye kwanza na yuko tayari kuulizwa maswali, yakiwemo yanayohusu malezi ya nyumbani kwake. Wanaosema vitabu hivi visipendekezwe kamwe, nawaomba watutajie riwaya nyingine ya Kiswahili ambamo msichana mchanga anadanganywa, naye mzazi wake anabebeshwa sehemu yake ya lawama, nasi tuipime.