Je, tope la mabwawa ya kamba lipimwe kabla ya kuvuna?

Mleta hoja: Tunahimizwa kuchimba mabwawa ya kamba kandokando ya mikoko kwa jina la uchumi wa buluu, lakini sijasikia mtu akiuliza habari za tope. Chakula kilichobaki, kinyesi na mrututu, yaani chumvi ya shaba, unaomwagwa kuua mwani, vyote hutua chini. Nashauri tope lipimwe metali za sumu, yaani shaba, risasi na kadimiamu, kabla ya kila mavuno, la sivyo Wapemba, wanaonyonya hadi vichwa, watadhurika mwanzo.

Mkaazi wa Wete: Nilipofika kwenye "Wapemba" nikaona basi. Kwani huko Mjini Unguja vichwa hutupiwa paka? Mchuzi wa kamba usiotiwa vichwa ni tui la moto tu. Halafu hiyo risasi, nani aliyempiga kamba?

Mfugaji: Ni risasi ile ile ya chubwi zako za kuzamishia mshipi, sheikh wangu. Mimi kamba wangu hukaa bwawani miezi minne hivi, wakati zebaki hujilimbikiza zaidi kwa papa na nduaro, wanaoishi miaka mingi wakila samaki wenzao. Mbona papa mkavu hatumpimi?

Mleta hoja: Sikuitaja zebaki. Ulaya kikomo cha kadimiamu kwa kamba ni miligramu 0.5 kwa kilo, nasi hatuna budi kukifuata.

Bi Maabara: Kikomo hicho, kaka yangu, ni cha nyama ya mkiani. Kadimiamu hurundikana zaidi kwenye ini la kamba, nalo limo kichwani, kwa hiyo neno lako la vichwa lina ukweli ingawa halikuwa na adabu. Hata hivyo naona sote tumelikimbia tope. Udongo wa mikoko una salfa nyingi iliyoshikana na chuma, na bwawa likikaushwa hewa huigeuza kuwa tindikali, ambayo huziachia metali zilizokuwa zimetulia, hata kama mfugaji hakumwaga chochote.

Mfugaji: Bwawa langu nalitia chokaa kila nikikausha, dada. Nijibiwe suala la papa.

Mkaazi wa Wete: Nami nijibiwe la uduvi, hao kamba wadogo wadogo. Unauzwa sokoni Darajani kwa pishi, unaliwa mzima, kichwa na ini lake, na wanunuzi ni nyinyi watu wa Mjini.