Waandishi wa riwaya za mapenzi za vijana, acheni kuharibu Uchagani

Wakuu,

Hizi riwaya za binti anayerudi Marangu, kule kwa Wachaga Kilimanjaro, Desemba, anamkuta mpenzi wa utotoni, anapatana na baba yake, zimezidi. Zinauzwa vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp, watoto wa sekondari wanazisoma, na makosa ni yaleyale ambayo mtu wa kule angeyasahihisha kwa dakika tano.

Basi la kutoka Dar linapita Segera, Korogwe, Same, Mwanga, ndipo lifike Himo. Wa Marangu anashuka Himo, anapanda Hiace ya kwenda juu. Nyinyi mnampitisha hadi stendi ya Moshi na kumlaza hotelini ili akutane na kijana mapokezi. Kesho yake itabidi arudi Himo kulekule alikopita!

Mbege nayo, ile pombe ya ndizi na ulezi. Binti katokea saa kumi bila taarifa, jioni mbege ipo. Imetoka wapi? Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa ili zichachuke, kisha huchujwa. Ulezi nao huoteshwa kimea, huanikwa, husagwa, hupikwa uji. Uji ukichanganywa na maji hayo ya ndizi ukingali wa moto, pombe imeharibika. Kwa hiyo mbege ikikutwa tayari nyumbani, huenda kuna mtu alijua binti anakuja. Mlikuwa na siri ya kubeba sura nzima, mmeipoteza.

Na kahawa: wanabusiana chini ya maua meupe, wiki tatu baadaye wanachuma buni za mti uleule. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi kama 8.

Kinachouma kuliko vyote ni msamaha. Baba na binti hawajasemeshana miaka, mvua inanyesha, wanakumbatiana, basi. Jamani, isale je, jani la kuombea msamaha? Jani lile likifungwa fundo na kupelekwa kwa aliyekosewa, kukataa kusamehe ni jambo zito mno. Nani analipeleka, binti au shangazi? Na kwa kuwa masale ndiyo yanayopandwa mipakani mwa kihamba (shamba la familia linalozunguka nyumba), linachumwa mpaka upi ikiwa ugomvi wenyewe ni wa ardhi? Kwa mila, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki kwa wazazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Baba mzee, kaka mdogo anayelima pale kila siku, dada aliyerudi na haki yake mkononi: huo ndio ugomvi wa familia, na kijana anayempenda binti inabidi aamue anasimama upande gani. Nyinyi mnaleta mwanamke tajiri wa Masaki mwenye wivu.

Halafu wapenzi wote wawili mmewapa jina la ukoo la Lyimo, na hakuna bibi hata mmoja anayeuliza, "Lyimo wa kwa nani?" Ndani ya ukoo mmoja watu hawaoani. Hiyo posa ingekwama siku ya kwanza.

Anayeandika nyingine sasa hivi aweke hapa sura ya kwanza, tuisahihishe kabla hajaanza kuiuza.