Dungusi langu linachanua usiku lakini halizai, tatizo nini?

MamaTunu_Dodoma: Wakuu salaam. Nyuma ya nyumba nina dungusi la nguzo, limeshapita paa. Nililipanda kutokana na kipande cha jirani. Maua yake meupe, makubwa, hufunguka giza likiingia, na jua likipanda yamenyauka. Baada ya siku chache yanakuwa njano na kuanguka. Matunda yake nasikia yanaliwa. Samadi nimeweka. Tatizo nini?

Fundi Bustani: Hakikisha kwanza si ile miti ya porini, jamaa ya mnyaa. Chanja kidogo: utomvu mweupe ukitoka, kaa nao mbali, unaunguza macho.

Mzee wa Miche: Ya porini maua yake ni madogo ya manjano, Fundi. Hili la dada ni Cereus, wa Amerika Kusini. Dada, samadi haihusiki. Dungusi hili kwa kawaida halijichavushi, linataka chavua ya mmea wa ukoo mwingine. La jirani yako halikusaidii hata likichanua usiku huohuo, maana lako ni kipande chake, ni mmea uleule. Kwao, kwa mfano Curaçao na Venezuela, aina ya Cereus repandus huchavushwa na popo wanaonyonya nekta, wakibeba chavua toka mmea hadi mmea. Jangwa la Negev, Israeli, wanalilima kama zao, tunda wanaliita koubo, na huko pia hupanda mimea ya koo tofauti pamoja.

MamaTunu_Dodoma: Asante sana mzee wangu. Shangazi yupo Singida, analo lake. Nikipanda kipande chake si nitangoja miaka?

Mzee wa Miche: Utangoja, ila kichukue hata hivyo. Kiache kivulini wiki moja au mbili jeraha likauke, ndipo upande, kisioze. Kwa sasa tafuta mtu hapo mjini mwenye dungusi lisilotokana na la jirani yako. Yakichanua usiku mmoja, pakaza chavua yake kwa brashi laini kwenye ncha iliyogawanyika katikati ya ua lako. Fanya usiku huohuo, ua halina usiku wa pili.

Neema_K: Dada, shika la mzee. Likikubali, kitako cha ua hakidondoki, kinavimba. Subiri tunda libadilike rangi na kuanza kupasuka lenyewe. Ndani ni jeupe lenye mbegu nyeusi, na ganda halina miiba. Wahi, ndege hawakusubiri.

MamaTunu_Dodoma: Kuna vitumba vitatu sasa hivi. Kesho naanza kuulizia mtaani.