Tupeane uzoefu: muziki gani wa tamasha la Nyege Nyege uliukataa kwanza, ukakushika baadaye?

Wadau, salaam kutoka Njeru, ng'ambo ya Jinja, Uganda.

Kabla hamjanicheka: ndiyo, najua hilo jina. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku. Mwaka wa kwanza mama alinipigia simu usiku, akasikia mtikisiko, akauliza kuna nini huko. Nilinyamaza muda mrefu hata akadhani mtandao umekatika. Kwa Kiswahili cha nyumbani neno lile halitamkwi mbele ya mzazi. Kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayokuvamia ghafla, mguu ukatangulia kabla ya akili. Nikamwambia, "Mama, ni ngoma tu." Ngoma yenyewe ilikuwa kijana mmoja na kompyuta yake.

Kwa asiyelijua: tamasha lilianza 2015 hapa kando ya Nile, wakiliongoza Arlen Dilsizian na Derek Debru waliokuwa wakiandaa sherehe za usiku Kampala. Miaka ya mwanzo tulikuwa nalo hapahapa Njeru, 2022 likaenda kwenye maporomoko ya Itanda, 2023 likahamia Jinja mjini. Wana lebo yao ya kutoa muziki, Nyege Nyege Tapes. Ukija kutafuta nyimbo za redioni utapotea.

Swali langu ni moja. Muziki gani uliusikia ukasema "hii si muziki", kisha ukakushinda? Habari za matope na hema zinazovuja msiniletee, hizo tunazijua wote.

Muuza mitumba, Busia

Mimi nilivuka mpaka na kitambulisho tu, nikiwa na binamu yangu wa Tororo. Jukwaani walikuwa vijana wa singeli kutoka Dar. Mwanzo nilidhani mashine imeharibika. Mnakumbuka kaseti ilivyokuwa ikikimbia redio ikiwa mbovu? Ndivyo hivyo, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika.

Sasa marafiki wa binamu wakagundua najua Kiswahili. "Anasema nini? Anasema nini?" Nikifasiri mstari mmoja, mwenzangu jukwaani ameshamaliza ubeti. Nikachoka, nikaanza kutunga. Nikawaambia anagombana na mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Walifurahi sana, kuna mmoja alitoa machozi. Mpaka leo sijui yule MC alikuwa anasema nini.

Kilichonifungua ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akicheza polepole kabisa karibu na spika. Mguu wake ulifuata pigo moja katika manne, mabega ndiyo yalikimbia. Nikamwiga. Ndani ya dakika tano nikaelewa kila kitu. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba lebo hiyohiyo ilitoa mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, tangu 2017. Mimi jirani nimechelewa, wazungu wameshanunua.

Mjukuu wa mpiga embaire, Busoga

Mimi yangu ni kinyume. Muziki niliokuwa nimeukataa ni wa babu yangu.

Kwetu kuna embaire. Msiifikirie marimba ya hotelini. Ni magogo makubwa yaliyochongwa, yanalazwa juu ya migomba iliyokatwa, na chini yake linachimbwa shimo. Shimo ndilo spika. Bila shimo unasikia kuni zikigongana. Ukichimba vizuri, sauti inakupitia nyayoni. Wapigaji hukaa pande mbili wakitazamana, sita au wanane, wote kwenye chombo kimoja. Na hapa ndipo ujanja ulipo: hakuna anayepiga wimbo mzima. Huyu anaweka pigo hapa, wa mbele yake anaweka kwenye pengo, na wewe unayesikiliza unasikia tuni ambayo hakuna mkono hata mmoja unaoipiga. Babu alikuwa akisema tuni hiyo ni ya shimo.

Nikiwa kijana niliona aibu. Harusi ya kaka tukakodi spika, wazee tukawaambia wapumzike. Babu alikaa kando na soda yake usiku kucha.

Miaka ikapita, nikaenda kwenye tamasha kuuza maji na sigara. Nikasikia kitu kwa mbali, nikadhani DJ. Sauti inajirudia, inajirudia, halafu kidogo inageuka bila kujua imegeuka wapi. Vijana wa Kampala wamefumba macho. Nikasogea. Embaire! Wamechimba shimo kabisa! Nilisimama na boksi langu la maji kichwani kama sanamu. Kilichonishangaza si kwamba wameileta. Ni kwamba aliyepanda baada yao na mitambo yake alipiga kitu kilekile: vipande vidogo, kila kimoja hakina maana, vikipishana mpaka tuni inatoka yenyewe. Nilikuwa nimekimbia shimo la babu nikaenda kulipia tiketi kulisikia kwenye waya. (Sikulipia, niliingia na maji. Lakini mnanielewa.)

Mwaka 2023 kikundi cha Nakibembe, watu wa huku kwetu, kilitoa albamu, na ndani yake wamo watu wa muziki wa mashine kutoka Indonesia. Babu hakuiona. Mimi sasa najifunza, nakaa ule upande wa mapigo mepesi, na bado wananifukuza nikichelewa.

Mwenye uzi

Ndugu wa Busoga umeniliza asubuhi. Endeleeni.

Fundi wa sauti, Kampala

Niongeze kwa upande wa meza ya kuchanganya sauti. Kundi kama Nihiloxica lina ngoma za Kiganda pamoja na sintesaiza. Nilipojaribu kazi ya aina hiyo mara ya kwanza, kwenye sherehe ndogo tu, nilifanya kosa la kila fundi: nikaipa mashine besi yote, ngoma nikaziacha juu juu. Empuunyi, ile ngoma nene inayoshika mwendo, ikamezwa. Mpigaji akaacha kupiga katikati, akaja mpaka kwenye meza yangu. "Ssebo, hiyo mashine ni mgeni wangu. Mgeni hakai kiti cha baba."

Nikaishusha besi ya mashine, nikaiacha mashine ing'ate juu ya engalabi, ile ngoma ndefu. Watu wakaruka. Somo hilo sikufundishwa chuoni, na aliyenipa hakujua hata kusoma vitufe.

Mtoto wa kambi, Gulu

Kiswahili changu ni cha kambini, mnisamehe. Larakaraka tunaijua kama ngoma ya vijana kutafutana na ya harusi, vibuyu mkononi. Bendi nzima kuilipa ni ghali, na kwetu baada ya vita fedha haikuwepo. Watu wakaiingiza kwenye kompyuta. Otim Alpha, aliyekuwa bondia zamani, ndiye sauti ninayoikumbuka. Sisi tuliona ni muziki wa watu wasio na hela. Siku nilipoona wageni wanaucheza Jinja kama kitu kipya cha ajabu, nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikacheza. Kwa utaratibu huo.

Boda wa Itanda

Mimi siingiagi ndani. Nasikia nikiwa barabarani. 2022 nilikuwa nimeshakopa tairi mbili, mara ikatangazwa tamasha limezuiwa. Sikulala. Kesho yake tukasikia limeruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo muziki ulionishika ni wa injini yangu, Njeru mpaka Itanda, kwenda na kurudi, siku nne.

Mpinzani

Jamani, mnasema kila kitu kinashika. Hapana. Mimi niliwasikiliza Duma, wale wawili wa Nairobi, metali na kelele za mashine pamoja. Yule mwimbaji anapiga mayowe kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Nilivumilia dakika kumi nikaenda kula roleksi, ile chapati ya mayai. Mwaka uliofuata nikarudia albamu yao nyumbani, kwa makusudi, na ndizi mkononi. Bado. Nawaheshimu, lakini bado.

Muuza mitumba, Busia

Hukusikiliza karibu na spika.

Mpinzani

Nilikuwa karibu na spika. Ndiyo maana.

Mwenye uzi

Nimecheka mpaka mume wangu ameuliza. Jana mama amepiga tena, anataka kuja Novemba, na shoga yake wa Likoni amemwambia kuna "tamasha kubwa huko kwa mwanao." Ameniuliza linaitwaje. Nimemwambia mtandao mbaya. Mwenye wazo la jina la kumpa, aandike hapa chini, haraka.