Waandaaji wa mabonanza, msituagize piramidi juu ya zege

Assalaam alaykum waungwana. Naandika nikiwa na ghadhabu, kwani kikundi chetu cha hamasa, yaani cha wasichana washangiliaji, kilialikwa kutoka Wete kwenda kunogesha bonanza la skuli Chake Chake, na tuliyotendewa huko hayavumiliki.

Tulikubaliana kuongoza mashabiki pembeni mwa uwanja kwa ngoma, makofi na vibwagizo. Hiyo ndiyo kazi ya awali ya fani hii: Johnny Campbell wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1898, alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza wapaze sauti kwa pamoja, na kwa miaka mingi baada yake walioifanya walikuwa wanaume (wanaotuita wahuni kwa kuwa sisi ni wasichana, walisikie hilo). Tulipofika, mratibu akatuamuru tujenge piramidi, yaani tupandane mabegani, na kumrusha msichana hewani, eti kaona kwenye simu, tena palepale kwenye zege mbele ya jukwaa la wageni rasmi, ili waheshimiwa waone vizuri.

Huo ni ushangiliaji wa mashindano, mchezo unaojitegemea, ambao timu zake hazimshangilii mtu bali hupanda mbele ya majaji kwa onyesho la kama dakika 2 na nusu, juu ya mikeka, baada ya mazoezi ya muda mrefu chini ya mwalimu, na wapo watu maalumu wa kumdaka anayerushwa. Shirikisho lake la kimataifa limetambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 2021. Sisi tulipoomba magodoro tu, hata ya kuazima dahalia, tukaambiwa tunadeka.

Tukakataa. Hapo mshika kipaza sauti akatangaza kwamba wasichana wa Wete wameingiwa na woga, na wenzetu waliokaa juani tangu asubuhi, mitandio imelowa jasho, wakazomewa na watoto wadogo. Maji yalipogaiwa kwa wachezaji tuliambiwa hamasa haimo kwenye bajeti.

Anayetaka piramidi agharimie mikeka na mwalimu, na atuarifu mapema ili tumjibu kama tunaiweza au hatuiwezi. Anayetaka shangwe atuachie tushangilie. Na mratibu yule awashe simu yake, atulipe nauli ya kurudi Wete ambayo tulilazimika kuchangishana kituoni.