Mjadala: Kuongoza Japani kwenye mchezo wa vita vya Pasifiki, kuna ubaya?

Kamanda wa Tabora
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kucheza War in the Pacific, mchezo wa zamu wa kompyuta, lile toleo la 2009. Zamu moja ni siku moja ya vita, kuanzia Desemba 1941, na ramani imekatwa vyumba vya pembe sita, kila kimoja maili 40 za baharini. Mwenzangu yuko Likoni, tunatumiana faili la zamu kwa barua pepe. Yeye ana Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, mimi nina Japani.

Nieleze zamu moja ili asiyecheza aelewe. Jana usiku nilikaa saa mbili nzima kwa siku moja tu ya Agosti 1942. Meli saba za mafuta ziko Palembang, kisiwani Sumatra, matangi yamejaa, na manowari zangu kule Truk, ngome yangu ya visiwani Pasifiki, zimekauka. Nikiziachia zile meli zitembee zenyewe, nyambizi za Wamarekani zinazisubiri njiani. Nikizipa walinzi, walinzi nao wanakunywa mafuta yale yale. Nikafuta, nikapanga, nikafuta tena.

Shemeji yangu alikuwa amekaa nyuma yangu. Akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye mwenye wale askari walioko Manila?" Sikuwa na jibu, na swali hilo halijanitoka. Kuongoza Japani kwenye mchezo kama huu ni kucheza tu, au kuna mpaka tunauruka bila kuuona?

Chuma cha Pua
Mkuu, unajitesa bure. Kwenye bao ukila kete za mwenzako umeua mtu? Tena aliyewahi kushika upande wa Japani ndiye anayejua kwa nini ule upande ulishindwa. Meli nne za kubeba ndege, Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zote zilipigwa siku moja pale Midway, tarehe 4 Juni 1942. Kitabu kinakupa hilo kwa mstari mmoja. Mchezo unakukalisha miezi ukitafuta ya kuzibia lile pengo, na huipati, huku Marekani inashusha majini meli mpya za aina ya Essex moja baada ya nyingine. Hilo ni somo la uchumi, wala sioni dhambi.

Isitoshe vita vile havikutuhusu. Walipigana wenyewe huko baharini, sisi tulikuwa shambani.

Mchele na Vijiti
Nimesoma Nanjing, China, miaka minne, kwa hiyo niseme nilichokiona. Kwenye jumba lao la kumbukumbu kuna ukuta umechongwa 300,000, hiyo ndiyo hesabu ya Wachina kuhusu waliouawa na jeshi la Japani mjini humo kuanzia Desemba 1937. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakifika pale wananyamaza, na hao ni vijana wa miaka ishirini waliozoea kucheka muda wote. Kamanda, mchezo wako unahesabu mafuta, chakula, ndege na uchovu wa marubani. Unahesabu wapi kijiji kilichochomwa? Wafungwa wa kivita zaidi ya 12,000 walikufa wakiwajengea Wajapani reli ya Burma na Siam (Thailand), na vibarua wa Kiasia waliokufa ni wengi kuliko hao mara kadhaa. Kwenye mchezo reli ni mstari mweusi, mzigo unapita. Hapo ndipo ninapoona tatizo. Upande unaoshika ni jambo dogo kuliko kile ambacho mchezo umekuondolea machoni.

Mjukuu wa Keya
Chuma cha Pua, "havikutuhusu"? Rudia maneno hayo polepole.

Babu yangu mzaa baba alitoka Tukuyu akaingia Keya (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha faru. Mwaka 1944, masika ya kule yamepamba moto, wakaambiwa washuke Bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani, kutoka Tamu hadi Kalemyo na Kalewa. Barabara iligeuka uji. Chakula kilidondoshwa kwa ndege, na ndege isipoona wingu limefunguka mnalala na njaa. Malaria ilikuwa inaua kama risasi. Kila siku walipewa kidonge cha njano, kichungu kupita mwarobaini, na ofisa alisimama mbele yako, unafungua mdomo aone kama umemeza. Babu alituonyesha. Alikuwa akifungua mdomo namna ile ile, ulimi juu, ana miaka themanini, halafu anaufunga na kuendelea kupukuchua mahindi.

Mwezi Desemba mwaka huo daraja likatandikwa juu ya mto Chindwin pale Kalewa, jeshi zima likapita kwenda mbele. Njia ya kufika pale ilifunguliwa na watu wa kwetu. Kwa hiyo usiniambie tulikuwa shambani.

Chuma cha Pua
Ndugu, pole kama nimekugusa pabaya, lakini hujanielewa. Najua Keya walikwenda, hata Idi Amin alipigana Burma. Ninachosema, hawakwenda kwa shauri lao. Walibebeshwa mizigo ya Mwingereza, ndio hao mpaka leo tuna mtaa unaitwa Kariakoo.

Mwalimu Mstaafu
Hapo umechanganya mambo mawili, na yote mawili umekosea. Kariakoo inatokana na kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) wa Vita Vikuu vya Kwanza, wakati Mwingereza anamfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuanzia mpakani hadi Msumbiji. Na Amin aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha. Hiyo habari ya Burma aliieneza mwenyewe, watu wakaimeza. Ukitaka jina maarufu lililofika kweli, mtaje Waruhiu Itote, yule aliyekuja kuitwa Jenerali China kwenye msitu wa Mau Mau. Alikwenda Burma akiwa askari wa Mfalme, akarudi na maswali ambayo Mfalme hakuwa na majibu yake.

Mjukuu wa Keya
Na neno "mizigo" ulifute. Babu yangu alibeba bunduki.

Chuma cha Pua
Sikumdharau mzee wako. Lakini na wewe usigeuze kila neno kuwa tusi. Kuna waliochukuliwa kwa nguvu, machifu walipewa idadi ya vijana wa kutoa, na hilo si siri. Malipo nayo yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Tukisema vilikuwa vita "vyetu" tunamsafisha aliyewapeleka.

Mjukuu wa Keya
Aliyewapeleka simsafishi hata kidogo. Babu alirudi na koti, blanketi na pesa zisizotosha ng'ombe wawili. Lakini kuonewa kwake hakumfanyi asiwepo. Wewe ulisema hakuwepo.

Kijana wa Tandika
Samahani wakuu, kwani si Wajapani walipiga mabomu Mombasa? Nakumbuka tuliambiwa shuleni.

Baharia wa Likoni
Hapana, kaka. Mabomu yalidondoka Malindi, Oktoba 1940, na ndege zilikuwa za Waitaliano. Mimi ndiye ninayecheza na Kamanda, nilitaka nikae kimya lakini mmefika nyumbani kwangu.

Wajapani walikaribia hivi. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, walipiga Colombo, Ceylon (Sri Lanka ya leo), na siku hiyo hiyo wakazamisha manowari mbili za Mwingereza, Dorsetshire na Cornwall. Siku nne baadaye wakapiga Trincomalee na kuizamisha Hermes, meli ya kubeba ndege. Mwingereza akaona Ceylon hapakaliki, kundi la manowari zake kongwe likarudishwa huku, Kilindini. Ikawa ndiyo ngome yao. Wale wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani nao wakahamishiwa Mombasa, wakafanya kazi kwenye majengo ya shule ya Allidina Visram. Napita pale nikienda kazini. Vijana wanacheza uwanjani, hakuna anayejua kwamba ndani ya vyumba vile watu walikaa usiku kucha wakisikiliza mawimbi ya redio ya Tokyo.

Mwezi Mei mwishoni nyambizi ndogo za Wajapani ziliingia bandari ya Diego Suarez, Madagascar, zikaitoboa manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Baada ya hapo nyambizi zao kubwa zikawinda Mlango wa Msumbiji. Huku ni ujirani. Mtu wa pwani hawezi kuambiwa Pasifiki iko mbali.

Mchele na Vijiti
Naomba turudi kwenye swali. Mnazungumza kama waliofia vita vile ni wa kwetu tu. Wachina, Wafilipino, Wajava, hao wako wapi kwenye mjadala huu?

Mwalimu Mstaafu
Bwana Baharia, ni kweli kuhusu Allidina Visram. Nyongeza ndogo: Keya walishuka Madagascar pia, Septemba 1942, kumalizia kazi dhidi ya Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Mjerumani. Kazi ikaisha Novemba.

Shabiki wa Ramani
Mimi nacheza Washirika na ninaona Kamanda anaonewa. Upande wangu nao una mengi ya kujibu. Nani hapa ameuliza juu ya Tokyo, Machi 1945, mji wa mbao ulipochomwa usiku mmoja na ndege za Marekani? Mchezo unakupa pointi kwa kuharibu viwanda, na ndani ya viwanda kulikuwa na watu, na pembeni yake nyumba zao. Tukianza kupekua, tusipekue mfuko mmoja. Kuhusu pointi zenyewe, mnajua Japani ikifika Januari 1943 na pointi mara nne za mpinzani wake mchezo unafungwa na anatangazwa mshindi? Hilo ndilo linalonikera mimi. Vita vile visingeisha hivyo hata kidogo.

Chuma cha Pua
Pointi ziko sahihi. Bila hizo nani atakubali kucheza Japani miaka miwili akisubiri kuchinjwa?

Shabiki wa Ramani
Basi acheze akijua. Na kile kitufe cha kuzifanya torpedo (mabomu yanayopita majini) za Wamarekani ziwe nzima tangu mwanzo kiondolewe kabisa. Zilikuwa mbovu mpaka mwishoni mwa 1943, kila mtu analijua hilo.

Binti wa Machakos
Nimesoma mpaka hapa nikatamani kufunga. Mnagombania vitufe.

Mjomba wa mama yangu alikuwa mpiga mizinga, Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Februari 1944 walipandishwa meli hapo hapo Kilindini kwenda Colombo, meli inaitwa Khedive Ismail. Tarehe 12, jirani na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga torpedo mbili. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Waliokufa ni karibu 1,300, wengi wao Waafrika wa rejimenti ile, na wauguzi wanawake walikuwamo. Walionusurika ni mia mbili na kidogo. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaogelea, na manowari za Waingereza zikaamua kudondosha mabomu ya chini ya maji pale pale, katikati ya watu wao, ili ziipate.

Bibi yangu aliletewa karatasi moja. Hakujua kusoma. Alisomewa na karani wa chifu akiwa amesimama mlangoni, na yule karani akaomba maji ya kunywa kwanza. Kila bibi alipotusimulia alianzia kwenye yale maji.

Ile nyambizi iliitwa I-27. Kamanda, naomba unijibu kaka yangu. Kwenye mchezo wako imo?

Kijana wa Tandika
Pole sana dada.

Mjukuu wa Keya
Pole, dada. Hii sikuijua.

Kamanda wa Tabora
Dada, nimechelewa kujibu kwa sababu nilifungua mchezo kwanza nihakikishe. Imo. Iko kwenye orodha yangu ya nyambizi, na jina la kapteni wake limeandikwa, na torpedo zake zimehesabiwa. Wiki iliyopita niliipangia doria magharibi ya Maldives. Nilichagua pale kwa sababu niliona misafara ya Baharia inapita. Sikuwa najua lolote juu ya meli hiyo. Niliona chumba cha pembe sita na njia ya meli.

Nimeirudisha. Nafikiria kuifuta kabisa, au niache mchezo.

Chuma cha Pua
Usiache, mkuu. Dada, poleni sana kwenu. Lile neno langu la kwanza nimelirudisha.

Mchele na Vijiti
Kamanda, sasa hivi umejua kwa sababu kuna binti wa Machakos aliyeandika. Wa Nanjing hawajui Kiswahili.

Shabiki wa Ramani
Ukiifuta mchezo utavurugika, faili halitakubali.

Binti wa Machakos
Sijakuomba uifute. Ukiifuta, atakayekaa kwenye kiti chako kesho hataiona kabisa, na mjomba wangu atakuwa amezamishwa na hewa. Nilitaka tu unijibu kama imo.

Mjukuu wa Keya
Dada, Rangoon kuna mnara wa wasio na makaburi, majina kama 27,000, na Waafrika wamo. Wa Khedive Ismail nadhani wameandikwa huku kwetu, lakini tutafute pamoja. Nipe jina lake kamili na namba ya kikosi kama mama anayo. Hata kipande tu cha namba kinasaidia.

Binti wa Machakos
Namba ipo. Bibi aliishona ndani ya pindo la kanga ile karatasi ilipoanza kuchakaa. Nitamuuliza mama.

Baharia wa Likoni
Kamanda, faili lako nalisubiri tangu Jumanne. I-27 umeipeleka wapi?

Kamanda wa Tabora
Iko Penang. Imefunga bandarini. Bado sijaipa amri.